Jiwe la Mbolea na Mavumbi Yake

Kipindi chetu cha leo hakihusu nafasi za kupandia wala dawa ya funza wa mabua. Leo nataka kukusimulia historia ya jiwe. Ni jiwe unalolijua, maana huenda umekwisha kulimwaga shambani kwako kama unga. Nitaanza na swali aliloniuliza mzee mmoja.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kijijini kwake kuangalia mashamba ya mfano. Baada ya kuamkiana, mzee akanivuta pembeni mpaka kwenye banda lake. Ndani mlikuwa na mifuko mitano ya mbolea ya mawe ya fosfeti. Paa lilivuja wakati wa masika, mifuko ikaloa, na unga wote ukaganda mabonge.

"Bwana shamba," akaniambia, "hii shambani haimwagiki tena. Nimeona niiponde, nichanganye na saruji kidogo, niweke sakafu katika chumba cha wajukuu. Unaonaje?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, ngoja kwanza, usiiponde."

Akacheka. "Kwani ina nini? Si udongo tu?"

Ndugu mkulima, swali hilo, "Si udongo tu?", limeulizwa katika nchi nyingi, na mara nyingi jibu limechelewa kuwafikia watu. Kwa hiyo tulifuate jiwe hili tangu lilipozaliwa.

Ukitoka Arusha kwenda Babati utapita mahali paitwapo Minjingu, upande wa mashariki wa Ziwa Manyara. Hapo pana kilima. Zamani za kale, kabla hajazaliwa mtu yeyote wa kusimulia, ziwa lile lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na kilima hicho kilikuwa kisiwa. Juu ya kisiwa walikaa ndege wa aina ya mnandi, wale weusi wapigao mbizi kutafuta samaki. Walikula samaki, wakaacha kinyesi, mifupa ya samaki na mizoga yao wenyewe. Vizazi vikapita, tabaka likalala juu ya tabaka. Baadaye ziwa likarudi nyuma, na vitu vile vikageuka mawe. Jiwe hilo ndilo fosfeti. Ukipenda, iite samadi ya ndege wa ziwani iliyokauka kwa maelfu mengi ya miaka.

Sasa, fosfeti ina tabia moja. Huvuta urani iliyoyeyuka majini, ikaishika isiiachie. Urani ni madini ambayo chembe zake hazitulii. Hupasuka kidogo kidogo, na kila zipasukapo hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Urani huzaa rediamu, na rediamu nayo huzaa hewa iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Madini haya hayana haraka. Rediamu ikiwa leo ni debe moja, baada ya miaka 1,600 litabaki nusu debe.

Usishtuke. Udongo wa kila shamba duniani una urani kidogo na rediamu kidogo. Jambo la kuangalia ni kiasi, na mahali kilipo.

Hatari ya radoni ilianza kuonekana kabla mtu yeyote hajaijua kwa jina. Huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji wa madini walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua kwa miaka mingi. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walionyesha kuwa ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu, ndiyo saratani. Wakati huo mionzi ya urani ilikuwa haijavumbuliwa. Henri Becquerel aliigundua mwaka 1896 huko Ufaransa, na mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakaipata rediamu. Wale wachimbaji walikuwa wamekwisha kuvuta radoni vizazi kadhaa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kuwa radoni ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya saratani ya mapafu baada ya sigara. Na mvutaji wa sigara akivuta na radoni, hatari yake huzidi sana.

Lakini binadamu akipata kitu kipya hukishangilia kwanza. Rediamu ilipojulikana, ilisifiwa kuwa dawa ya kila kitu, hata ikauzwa kama mbolea! Naam, wakulima wa Marekani waliambiwa kuwa rediamu itanenepesha mazao yao. Mwaka 1915 Profesa Cyril Hopkins wa Chuo Kikuu cha Illinois, pamoja na mwenzake Sachs, walitoa matokeo ya majaribio yao ya shambani. Wakasema wazi kwamba rediamu haikuongeza mazao. Kumbuka jina la Hopkins, maana huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwahimiza sana wakulima wa kwao watumie mawe ya fosfeti yaliyosagwa. Aliisifu fosfeti kwa sababu shamba lilimjibu, akaikataa rediamu kwa sababu shamba halikumjibu. Hivyo ndivyo bwana shamba anavyotakiwa kufanya kazi.

Haya, fosfeti nayo ilikuwa na safari yake. Mwaka 1842 Mwingereza John Bennet Lawes alipata hati ya kumiliki ufundi wa kuchanganya fosfeti na tindikali ili iyeyuke upesi udongoni. Huo ndio mwanzo wa viwanda vya mbolea ya chumvichumvi. Baadaye viwanda vikubwa vilianza kutumia tindikali kutoa asidi ya fosfeti, ambayo ndiyo mama wa mbolea za TSP na DAP. Lakini kila tani moja ya asidi hiyo hubakiza kama tani tano za takataka nyeupe, aina ya jasi. Na hapo ndipo pa kuangalia, ndugu yangu. Jiwe likitiwa tindikali, sehemu kubwa ya urani hufuata asidi, na sehemu kubwa ya rediamu hubaki katika jasi. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza mionzi hiyo. Ilikuwamo ndani ya jiwe tangu zamani. Kazi ya kiwanda ilikuwa kuikusanya na kuilundika mahali pamoja.

Huko Florida, Marekani, jasi hiyo imerundikwa mpaka imekuwa vilima, kiasi cha tani bilioni moja hivi. Juu ya vilima kuna mabwawa ya maji makali yenye tindikali. Mwaka 2016 ardhi ilitoboka chini ya kilima kimoja karibu na mji wa Mulberry, maji machafu yakamezwa na ardhi hadi kwenye maji ya chini. Mwaka 2021, mahali paitwapo Piney Point, bwawa lilianza kuvuja, na ili lisipasuke lote, maji zaidi ya lita milioni 800 yakafunguliwa kwenda ghuba ya Tampa.

Wakulima wa karanga wa jimbo la Georgia walikuwa wakiipenda jasi hiyo, maana karanga zinataka kalisi ili ganda lijae. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku jasi hiyo mwaka 1989, kisha mwaka 1992 ikaruhusu itumike shambani ikiwa tu imepimwa na rediamu yake haizidi kipimo cha bekereli 370 katika kila kilo. Bekereli 1 maana yake ni chembe moja inayopasuka kwa kila sekunde. Sikiliza vizuri mpango huo. Mkulima hakunyimwa jasi moja kwa moja, wala hakuachiwa hivihivi. Ilipimwa kwanza.

Mahali ambapo hakuna aliyepima kwanza, gharama ilikuja baadaye. Katika mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, palikuwa na kiwanda cha kusafisha urani. Mchanga uliobaki ulikuwa mwororo, mzuri kwa macho, tena wa bure. Toka miaka ya 1950 hadi 1966 mafundi waliuchukua kwa malori, wakajazia misingi ya nyumba, wakamwaga chini ya sakafu. Baadaye ndipo ikajulikana kuwa radoni ilikuwa ikipanda kutoka chini ya sakafu na kujaa vyumbani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwasaidia, na kazi ya kuchimbua na kuondoa mchanga ule ikaendelea kwa miaka mingi, kwenye majengo na viwanja zaidi ya 4,000. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mlango ulikuwa mzuri, kumbe adui yuko chini ya kitanda.

Usidhani ni huko tu. Katika Afrika yetu, mji wa Mounana nchini Gabon ulikuwa na mgodi wa urani uliofanya kazi toka mwaka 1961 hadi 1999. Mgodi ulipofungwa, upimaji ulikuta nyumba zilizojengwa kwa vitu vilivyotoka mgodini zikiwa na mionzi iliyozidi. Waliojenga na waliolala humo walifikiri kama mzee wangu alivyofikiri: si udongo tu?

Sasa turudi nyumbani, Minjingu. Unajua kilima kile kiligunduliwa vipi? Mwaka 1956 ndege ilirushwa juu ya eneo lile ikiwa na mashine ya kupima mionzi, kwa sababu wachimba madini walikuwa wakitafuta urani. Mashine ikaonyesha dalili juu ya Minjingu. Waliposhuka kuchunguza, wakakuta fosfeti. Pima jambo hilo. Mionzi ndiyo iliyowaita watu, na mbolea ikaonekana baadaye. Waliokuwa na mashine walijua toka siku ya kwanza.

Wakati huo hapakuwa na kiwanda cha kulitumia. Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilifunguliwa Tanga, na kwa miaka ya mwanzo kilitegemea malighafi kutoka ng'ambo. Nchi ilitaka kujitegemea, na fosfeti ilikuwa hapa hapa. Basi uchimbaji wa Minjingu ukaanza katika mwaka 1983, kwa ushirikiano na Finland, na jiwe likasafirishwa kwenda Tanga. Mwaka huo huo wa 1983 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kujikinga na Mionzi, iliyounda Tume ya Taifa ya Mionzi. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Sheria nayo ilibadilishwa mwaka 2003, na kazi hiyo ikachukuliwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Kiwanda kilifungwa lakini jiwe halikufa. Wataalamu waliona kuwa likisagwa tu, bila tindikali, linafaa katika udongo wenye uchachu na mvua ya kutosha, kwa kuwa uchachu wa udongo wenyewe ndio unaoliyeyusha. Miaka ya 1990 wakulima wa Kenya magharibi walilitumia katika majaribio kwenye mashamba yaliyochoka, na mahindi yakapata nguvu. Hiyo ni faida ya kweli, na mimi mwenyewe sitakuambia uiache.

Lakini mavumbi je? Mwaka 2000 wataalamu wa Tanzania, Banzi na wenzake, walichapisha vipimo walivyochukua mgodini na jirani yake. Jiwe la fosfeti lilikuwa na rediamu bekereli 5,760 katika kila kilo. Mawe yaliyotupwa kama takataka yalikuwa na 4,250. Udongo wa kawaida duniani una kama 30 tu. Mboga za majani zinazoliwa zilizochumwa eneo lile zilikuwa na bekereli 393. Na mionzi ya hewani mahali pale ilikuwa mara 28 ya wastani wa dunia unaotokana na ardhi. Wakashauri ipatikane njia ya salama ya kutupa takataka za fosfeti.

Toka 1956 hadi 2000 ni miaka 44. Mashine iliyokuwa ndani ya ndege ilijua siku moja. Mama anayechuma mboga kando ya barabara ya malori alisubiri miaka 44 ili mboga yake iandikwe mahali. Ndugu mkulima, hiyo ndiyo sababu hasa ya mimi kukueleza historia hii. Habari ya jiwe lako ni haki yako, na isiishie katika makabati ya wataalamu.

Sasa utaniuliza, "Bwana shamba, mbona unaniambia niendelee kuiweka shambani?" Swali zuri. Hebu tupige hesabu kama tunavyopiga hesabu ya mbegu. Udongo wa juu wa ekari moja, kina cha sentimita 20, una uzito wa kama kilo milioni moja. Ukiweka mifuko miwili ya kilo 50, umeweka kilo 100. Yaani kilo 1 ya mbolea imegawanywa katika kilo 10,000 za udongo. Gawanya zile bekereli 5,760 kwa 10,000. Utaona kila kilo ya udongo wako imeongezewa kama nusu bekereli, juu ya zile 30 zilizokuwamo. Utahitaji misimu zaidi ya 50 ya kuweka kiasi hicho ndipo nyongeza ilingane na ulichokuta. Tena shamba liko wazi, upepo unapita, radoni haipati mahali pa kujificha.

Sakafu ni jambo jingine. Ukichukua mifuko mitano ukaimwaga yote chini ya chumba kimoja, hujagawanya kitu. Dirisha ni dogo, usiku mlango umefungwa, na watoto wamelala na pua zao karibu kabisa na sakafu. Jiwe ni lile lile, lakini shambani ni chakula cha mimea, na chumbani ni mgeni mbaya asiyeondoka hata baada ya miaka 1,600.

Basi, kutokana na historia hii tuchukue mambo ya kufanya.

Kwanza, mbolea ya mawe ya fosfeti mahali pake ni shambani. Usiitumie kwa sakafu, lipu, tofali wala kusawazisha uwanja wa kuchezea watoto.

Pili, jihadhari na vumbi. Mwaga upepo ukiwa mgongoni kwako, funga kitambaa puani na mdomoni, na ifukie mapema. Ukimaliza, nawa kabla ya kula, na nguo za kazi usizilalie. Na usivute sigara huku unamwaga.

Tatu, mifuko mitupu usihifadhie mahindi wala unga, wala usiitandike watoto walalie. Najua mfuko ni mali. Hata hivyo vumbi limeingia katika nyuzi zake, na kukung'uta hakulimalizi.

Nne, usiwape kuku wala ng'ombe jiwe bichi ukidhani ni chokaa ya mifugo. Zaidi ya mionzi, jiwe hilo lina fluoridi nyingi. Wenzetu wa Arusha na Manyara wanajua maji yenye fluoridi yanavyofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Mifupa ya mnyama nayo huharibika vivyo hivyo. Nunua chokaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo.

Tano, kama unaishi jirani na machimbo au lori la mawe hupita karibu na bustani yako, osha mboga kwa maji mengi, zaidi ya mara moja. Usilishe mifugo juu ya vilima vya takataka, hata kama majani yamestawi.

Sita, na hili ni kwa kila mahali, hata kama hujawahi kuiona Minjingu. Mtu akikuletea takataka ya kiwandani ya bure, iwe jasi, mchanga mwororo, majivu ya makaa ya mawe, au mabomba chakavu ya visima vya mafuta yenye ukoko ndani, muulize: imetoka wapi, na nani ameipima? Kama hana jibu, mwache aondoke nayo. Serikali ya kijiji inaweza kuandika barua, na Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo yenye vyombo na kazi ya kupima. Kuomba kupimiwa si ugomvi wala si kukataa maendeleo. Ni kama kuomba mizani ya haki siku ya kuuza pamba.

Na yule mzee? Sikumwacha hivihivi na maneno yangu. Tulirudi asubuhi yake na vijana wawili. Tukanyunyizia maji mabonge yale ili yasitoe vumbi, tukayavunja nje, vitambaa puani, tukayatawanya katika shamba lake la maharage ambalo udongo wake ni mwekundu na wenye uchachu, kisha tukalifukia kwa jembe. Sakafu ya wajukuu aliiweka kwa mchanga wa mtoni.

Tulipomaliza alisimama kandokando ya shamba akaniambia, "Kumbe hukunikataza mbolea, umenikataza mahali tu. Sasa mbona hamkutuambia siku mlipotuletea mifuko?"

Sikuwa na jibu zuri. Ndiyo maana nimeliandika swali lake hapa, ili mabwana shamba wenzangu nao walisome, na ili wewe, ndugu mkulima, ukipokea mfuko mpya msimu ujao, uliulize kabla ya kuufungua.

Kwa leo tuishie hapo.